Kituo Tulichokijenga Upya Bila Kukizima

Wanangu mnaoanza kazi ya umeme, mkiingia katika uwanja wa kituo kikubwa, wekeni mikono nyuma. Siyo kwa heshima ya wakubwa. Mtu akieleza jambo hunyoosha kidole, na pale juu ya kichwa chako kuna umeme usiongoja kuguswa. Ukiusogelea tu, unaruka kukufuata.

Mimi nilifundishwa hivyo siku yangu ya kwanza. Nilitoka ofisi ya michoro nikiwa na shati jeupe na utepe wa kupimia wa chuma, nikaanza kuukunjua nipime nafasi kati ya nguzo mbili. Mzee mmoja akanipiga kofi mkononi, utepe ukaanguka kwenye kokoto.

"Weye mutoto ya nani?" akaniuliza.

"Wa marehemu Ngoy, fundi wa reli."

"Baba yako balimuzika mu sanduku?"

"Ndiyo, tata."

"Weye tungelikuzika mu kopo ya maziwa."

Huyo alikuwa Tata Kaumba, sote tukimwita baba, mwendeshaji wa kituo, na kwa kofi lile urafiki wetu ukaanza. Alikuwa amesoma miaka michache tu kwa mapadri, lakini alikijua kituo kile kama mama anavyojua, hata akiwa uani, kwamba sombe yake ya majani ya muhogo jikoni imeanza kushika chini.

Kazi yangu ilikuwa kupanga. Wengi hudhani kwamba kituo kikizeeka kinabomolewa, kisha kinajengwa kingine. Ingekuwa hivyo, ningestaafu nikiwa bado na nywele. Kituo hakibomolewi kwa sababu mji unakula kutoka kwake kila saa. Unakijenga upya kipande kwa kipande huku kikiendelea kufanya kazi. Ujuzi wote uko katika kujua nini kitangulie, nini kifuate, na utafanya nini ikiwa cha pili kitakataa. Jambo hilo sikulijifunza chuo cha ufundi. Nililijifunza seminari ndogo, kabla Mungu hajanionyesha kwamba ameniwekea mke. Padri wetu wa liturujia alikuwa akisema kwamba altareni hakuna kinachofanywa kabla ya zamu yake, na aliyewasha ubani mapema atakohoa peke yake.

Miaka ninayowasimulia ni ile nchi ilipokuwa ikibomoka, ikiitwa bado Zaïre. Askari walikuwa wamepora maduka. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Barua tulizopeleka Ulaya kuomba vipuri zilijibiwa kwa adabu na bila vipuri, halafu hazikujibiwa kabisa. Kituo chetu, upande wa njia ya Kasungami, kilikuwa na transfoma mbili zilizowekwa na Wazungu wa zamani. Umeme mkubwa uliingia kwa nguzo za chuma, transfoma zikaupunguza, nao ukaenda mitaani, kwenye pampu za maji na kwenye wodi ya wazazi ya masista.

Namba moja ilikuwa inavuja mafuta pembe zote, na sauti yake ilibadilika. Transfoma yenye afya huimba sauti moja tu, haichoki. Namba moja ilikuwa imeanza kukoroma. Namba mbili ilikuwa nzima, ila mzee. Hesabu yetu haikuhitaji shule: namba moja ikifa ghafula, namba mbili itabebeshwa mji mzima bila maandalizi, nayo itaungua. Ikiungua hiyo, hakuna nyingine. Kipindupindu kilikuwa kimepita kwetu si zamani, na kila mtu alijua mji usio na maji unanuka nini.

Shefu wetu, mhandisi mtulivu aliyezoea kuvuta sikio lake akifikiri, aliniita ofisini.

"Serafini, plani iko yako. Mitaa unaweza kuikata kwa zamu. Lakini pompe na maternité, hata dakika moja."

"Shefu, hata moja?"

"Hata moja. Tukizima, sijui kama tutawasha tena."

Nikaenda kutafuta michoro. Hapa niwaambie jambo ambalo hadi leo naliombea kila Ijumaa. Siku zile ndugu zetu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, na Mukendi, mtunza michoro wetu, alikuwa mmoja wao. Nilimkuta stesheni, amekalia godoro lililofungwa kamba, mke na wajukuu kando yake, wakingoja treni. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, na samaki. Yeye hakunilaumu. Alinawa, akala, akatoa mfukoni ufunguo wa kabati la michoro.

"Sikia muzuri," akasema. "Yenye iko na wino, ilifanyika. Yenye iko na penseli, bakubwa balisema batafanya. Usichanganye."

"Na yenye haiko kwenye karatasi kabisa?"

"Ile uulize Kaumba. Njo kabati yangu ya pili."

Tukacheka, sisi wawili, katikati ya vilio vya stesheni ile. Sikumwona tena hapa duniani. Kama mtanielewa mkiwa wazee, nitawaambia kwamba kicheko kile kilinibeba miezi yote iliyofuata.

Mungu hutoa pale usipoangalia. Katika kiwanda kimoja kilichokwisha kufungwa, nje ya mji, tulikuta transfoma ndugu ya zetu, ya mtengenezaji yule yule, imesimama katika nyasi zilizopita kichwa cha mtu. Wenye kiwanda walikubali tuichukue, maana wao hawakuwa tena na cha kuwashia. Mafuta yake tuliyapima, yakawa safi. Tata Kaumba aliizunguka mara tatu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hii haijaolewa bado."

Kuileta mjini ndiyo siku niliyofurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu. Tulimwomba trela Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye matrela yake yalizoea kungoja siku nyingi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yakiwa na unga. Alikuwa Mprotestanti wa kweli. Hakuruhusu tairi izunguke kabla ya kuomba, na aliomba kwa sauti, kuanzia Mwanzo hadi kwa manabii wadogo. Mimi nilishika rozari yangu kimya. Tata Kaumba alivumilia hadi nabii Amosi.

"Kambale, Mungu alisha kusikia. Na Yeye anapenda kuona tunaenda."

"Amina," akasema Kambale, akapanda.

Tulipita mtaa wa Hewa Bora kwa mwendo wa mtu anayesindikiza harusi. Wanaume wawili walisimama juu ya trela na miti mikavu yenye panda, wakiinua nyaya za mitaa ili mzigo upite chini. Mama mmoja aliyekuwa anauza makaa alihamisha magunia yake yote bila kunung'unika, kisha akaniuliza, "Baba, hii njo kuran yenyewe?"

"Ndiyo, mama, ndiyo umeme wenyewe."

"Basi ipitie kwangu kwanza. Leo zamu ya giza iko kwetu, na miye nakaa pale pale, mulango ya kijani."

Barabara nzima ikacheka. Kila mtu alikuwa na mlango wa kutuonyesha.

Lakini nimekimbia mbele. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumekwisha kuiondoa namba moja, na namba mbili ikabaki peke yake kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mpango usioelezwa kwa mama anayepika si mpango. Tulihitaji kukata mitaa kwa zamu ili mzee wetu asizidiwe. Kubandika tangazo kwenye lango la ofisi kungekuwa bure. Basi tulizungumza na mapadri na wachungaji, zamu zikasomwa baada ya misa na katika makanisa yote, na wauza mboga wakazibeba sokoni. Watu waliambiwa saa zao, na saa zao zikaheshimiwa. Mama wa mtaa wa Jumatatu alipika mapema na kumwachia mwenzake wa Jumanne. Nchi haikuwa na serikali ya kueleweka, lakini tulikuwa na zamu.

Hata hivyo namba mbili ilipata joto. Kila saa nilisoma kipimajoto chake, na kila saa mshale ulipanda kidogo. Feni zake za kupozea zilikuwa zimekufa zamani, nami katika mpango wangu mzuri nilikuwa nimeandika "feni zitanunuliwa". Kwa penseli, wanangu. Zitanunuliwa wapi? Nikaenda kuazima. Parokia ilitupa feni nne za ukumbi wa harusi. Mwenye baa ya jirani akatupa tatu, kwa sharti kwamba zirudi kabla ya Jumamosi. Tukazipanga zote kwenye meza za shule, zikapuliza mbavu za namba mbili, na mshale ukashuka. Padri alikuja kutazama feni zake akazikuta zimechanganyika na zile zenye picha za chupa za bia.

"Naona leo hata wakosefu wanapuliza," akasema.

"Padri," akajibu Tata Kaumba, "zile za baa njo zinapuliza zaidi."

Jumamosi mwenye baa alikuja kuzichukua. Akasimama, akasikiliza namba mbili inavyoimba, akauliza kama ni kweli inashika pia mtaa wa kwake. Tukamwambia ndiyo. Akaenda zake mikono mitupu, na usiku ule wateja wake walikunywa kwa jasho.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana sikuwaita hapa niwasomee sifa.

Sisi tulikuwa na desturi tuliyoiita kutembeza karatasi. Kabla ya hatua yoyote kufanywa, aliyepanga na anayeendesha waliingia uwanjani pamoja, mikono nyuma. Mpangaji alisoma hatua kwa sauti, wakisimama mbele ya kitu chenyewe. Mwendeshaji akitazama na kuridhika alijibu neno moja: "Iko." Asiporidhika alinyamaza, na hapo hakuna aliyesogea. Mimi niliipenda desturi ile. Ilikuwa litania, na Tata Kaumba aliitikia vizuri kuliko wanakwaya wetu.

Transfoma mpya ilikuwa imekaa mahali pake. Kesho yake tungefunga nyaya zake. Mfahamu hivi: umeme huu mkubwa husafiri kwa nyaya tatu, na kila mmoja una zamu yake, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ili macho yasikosee, kila waya una kibao cha rangi. Upande wa namba moja vibao vilikuwa nyekundu, manjano, bluu. Upande wa namba mbili, unaotazama barabara, vilikuwa kijani, manjano, nyekundu. Niliona tofauti hiyo, nikaitatua mezani: nyekundu ni nyekundu, manjano ni manjano, basi bluu ndiyo kijani. Nikachora waya ukivuka kutoka kushoto kwenda kulia ili nyekundu ikutane na nyekundu. Mchoro ulipendeza.

Tukatembeza karatasi.

"Hatua ya kwanza, swichi ya kuunganisha iko wazi."

"Iko."

"Nyaya za ardhi zimefungwa."

"Iko."

Tukaendelea hivyo hadi hatua ya tisa.

"Nyekundu ya transfoma mpya ifuate nyekundu ya namba mbili. Manjano ifuate manjano. Bluu ifuate kijani."

Kimya. Nikadhani hakusikia.

"Tata, hatua ya tisa."

"Minasikia."

"Basi jibu."

Alikuwa anatazama vibao vya namba mbili kama mtu anayemtazama mkwe aliyechelewa kuleta mahari. "Mudogo yangu," akasema, "ile ziara ya mukubwa, ilifikaka?"

Wanangu, niliikunja karatasi. Niliikumbuka siku hiyo yote kwa mara moja.

Miaka mingi nyuma, nikiwa mgeni kazini, tuliambiwa kwamba mkubwa mmoja wa serikali atapita mbele ya kituo. Kila kitu kinachoonekana kutoka barabarani kipakwe rangi. Rangi ya bluu ilikuwa imekwisha ghalani, ikabaki kijani. Na kiongozi wetu wa wakati ule akataka vibao vya upande wa barabara vianze na kijani, kisha manjano, kisha nyekundu, ili mgeni aone rangi za bendera. Zamu za nyaya hazikuguswa, ni rangi tu zilizogeuzwa. Ili tusisahau, iliandikwa kwenye mchoro kwamba rangi zirudishwe baada ya ziara. Mkubwa yule alipita njia nyingine. Ziara haikufanyika, kwa hiyo "baada ya ziara" haikufika. Hakuna aliyepewa amri ya kurudisha.

"Miye niko naingoja mupaka leo," akasema Tata Kaumba.

"Juu ya nini hukusema miaka yote hii?"

"Hakuna mutu aliniuliza. Na miye sitazamaka rangi. Natazama nafasi. Ya kwanza njo ile ya upande wa Zambia. Bendera inabadilika, Zambia haitembei."

Nilirudi kwenye kabati la Mukendi. Mchoro ulikuwepo, na maneno yale yalikuwepo, kwa penseli. Mwandiko ulikuwa wangu.

Jueni ingekuwaje. Ukifunga waya wa kwanza na wa tatu kwa kubadilishana, umeme unageuza mwelekeo. Tungezikutanisha transfoma mbili hivyo, zingepigana mle ndani kwa nguvu zote za mto uliozizungusha mashine kule bwawani, na namba mbili, mzee wetu, angekufa mbele ya feni za parokia. Na hata asingekufa, pampu zote zingezunguka kinyume. Nilimwendea shefu nikamwambia kosa ni langu, na kwamba mpango una sahihi yangu. Alivuta sikio lake muda mrefu.

"Mpango bado haujafungwa na bolti," akasema. "Karatasi haiungui. Andika tena."

Nikaandika tena, kwa nafasi, siyo kwa rangi. Tukatembeza upya, na hatua ya tisa ikapata "Iko" yake. Kabla ya kufunga waya wowote, Tata Kaumba alipanda ngazi, upande usio na umeme, akavipaka rangi vibao vya transfoma mpya kwa mkono wake, akifuata nafasi. Vile vya upande wa barabara tuliviacha vingoje zamu ya namba mbili kupumzishwa.

Siku ya kuunganisha, tuliomba sala ya Malaika wa Bwana saa sita, kisha tukaingia. Transfoma mpya ilikuwa imekwisha kupewa umeme, inaimba peke yake. Katikati ilibaki swichi moja, wazi. Kati ya kila ncha mbili za nyaya zilizopaswa kukutana tulifunga taa ndogo kupitia vifaa vya kupimia. Hapa akili ya kawaida inageuka: taa zikiwaka, nyaya hazifanani, kimbia. Zikibaki giza, zinafanana, unaweza kufunga.

Taa zote tatu zilibaki giza.

Shefu akapumua. Mimi nikapumua. Tata Kaumba hakupumua. Alifungua taa ya kwanza, akaenda nayo ofisini, akaichomeka ukutani. Ikawaka. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, taratibu, huku sisi tukitoka jasho.

"Hata taa yenye ilikufa haiwakaka," akasema akizirudisha. Mliandike hilo mahali, tena kwa wino.

Kisha akanitazama. Nikasoma hatua ya mwisho. "Swichi ya kuunganisha ifungwe."

"Iko," akasema, akaifunga.

Ulisikika mlio mmoja mzito wa chuma, basi. Mshale wa mzigo wa namba mbili ukashuka hadi nusu, ule wa mpya ukapanda kukutana nao, ikawa kama wazee wawili wanaopokezana gunia. Shefu alikaa chini kwenye kokoto, na suruali yake ya ofisini. Tata Kaumba alizima feni moja baada ya nyingine, za parokia kwanza.

Mimi nikachukua baiskeli nikaenda mbio kwa masista. Nilitaka kujua taa zao zilipepesa kwa muda gani, niandike kwenye taarifa. Tena niseme ukweli, nilitaka mtu anishukuru. Sista wa wodi alinikuta mlangoni na sare yangu ya kazi, akakunja uso.

"Sista, kuran yenu ilienda kwa muda gani, saa sita na nusu?"

"Haikuenda."

"Hata kupepesa?"

"Baba, hapa haikuenda, na leo haitaenda. Kama mumekuja kukata, mwambie mukubwa yako niko na mama batatu ndani banazaa. Mukate kwa askofu."

"Sikuja kukata, sista."

"Basi unafanya nini mu mulango yangu?"

Nikaomba radhi, nikaenda uani. Kwenye bomba mama mmoja alikuwa anajaza bidoni yake, maji ya zile pampu yakishuka kwa nguvu hadi yanarusha povu. Nikamwomba ya kunywa. Akanikingia katika kikombe cha plastiki, nikanywa yote nikiwa nimesimama, nikamrudishia kikombe, nikamwomba anikingie tena.